Muziki Ulisikika, Shangazi Hakusikika

Nitaanza na shemeji yangu, kwa sababu ndiye chanzo. Ni mume wa dada yangu, pale Muyinga mjini, mwenye duka la sementi na misumari. Ndiye aliyenipigia simu kuniambia kwamba siku ya kuganduka kwa mama yetu imesogezwa wiki moja mbele. Nikamwuliza, kwa nini? Akasema hema limechukuliwa na watu wa harusi. Sawa. Nikaendelea kupalilia maharage yangu shambani Giheta, karibu na nyumbani kwangu Gitega, nikijua nina wiki nzima. Kumbe hema likapatikana, siku ikarudishwa palepale, na yeye akatangaza kwenye grupu. Grupu! Simu yangu mimi ni ya vibonyezo, inapiga na kupokea, basi. Shemeji anaijua simu hiyo, ameshawahi kuicheka mbele ya watoto wangu. Siku ile watu walikula, wakanywa, wakamaliza msiba wa mama yangu mzazi, mimi niko shambani na jembe.

Kwa asiyejua: kwetu msiba hauishii makaburini. Nyumba inakaa na huzuni yake muda mrefu, mwaka hivi, bila muziki na bila sherehe. Halafu ndugu wanaitana, wanakunywa pamoja, na kila mwenye neno juu ya marehemu au juu ya familia analisema mbele ya wote. Hiyo ndiyo kuganduka. Neno likishasemwa siku hiyo limesemwa. Ukilifufua kesho yake unaonekana kama mtu anayeita kifo kingine.

Sasa, wiki ile ile akaja kwangu binamu yangu anayekaa Itaba, ambaye yeye alihudhuria. Akanywa chai yangu, akala mkate wangu, halafu akaniambia, "Kaka, shangazi yetu alikutaja kwenye mikrofoni. Alisema amekukasirikia sana. Mbele ya watu wote." Nikamwuliza, alisema nini kingine? Akasema, "Aa, mengine sikushika vizuri, walikuwa wanagawa nyama." Mtu mzima huyo, masikio mawili.

Shangazi huyo ni dada wa baba. Mwaka wa vita baba aliuawa, na sisi tukavuka kwenda Tanzania: mama, dada yangu na mimi, darasa la tano nikiwa sijalimaliza. Sikulimaliza mpaka leo. Shangazi alikataa kuvuka. Alilala kwenye mashamba ya mihogo, akapigwa, akarudi, akachunga kiwanja chetu peke yake miaka yote ile tuliyokaa kambini. Niliporudi nina ndevu, yeye ndiye aliyenitambua barabarani kwa mwendo. Kwa hiyo mtu mwingine akinikasirikia naweza kulala usingizi. Yeye, hapana. Nilitaka kujua kama amenitupa.

Nikampigia dada yangu. Akasema, "Tumeshaganduka, kaka. Usinirudishe huko." Nikampigia shemeji. Akasema yeye alikuwa anashughulikia vinywaji. Nikasema basi, nitakwenda nimwulize shangazi mwenyewe baada ya kuvuna. Kabla sijavuna, shangazi akaanguka jikoni. Upande wa kulia ukafa, na maneno yakaenda nao. Akili ipo, macho yapo, lakini mdomo unatoa pumzi tu.

Ndipo dada akanitumia diski. Walikuwa wamemlipa mtu wa video akarekodi sherehe nzima, na kila nyumba ikapata DVD yake, picha ya mama imebandikwa juu. Dada akaikabidhi kwa dereva, akaniambia kwenye simu maneno machache tu: "Kila kitu kimo humo. Sikukwambia mimi."

Nyumbani kwetu Gitega tuna kompyuta. Ni ya binti yangu, ile kubwa yenye sanduku la chini, anachapia watu barua na maombi ya kazi. Haikuletwa kwa ajili ya filamu, lakini ina mlango wa diski na spika mbili ndogo mezani. Nikamwambia binti afunge dirisha. Nikamwita mke wangu. Tukakaa.

Picha ilikuja safi kabisa. Hema, viti vya plastiki, shemeji na koti lake la kijivu akizunguka kama yeye ndiye aliyefiwa. Muziki ukapiga, gita na kinanda, vizuri tu. Halafu shangazi akasimama. Nikasogea mbele. Shangazi akafungua mdomo, na muziki ukaendelea kupiga. Mdomo wake unakwenda, mkono wake unanyoosha kidole, watu wanageuza vichwa, na mimi nasikia gita. Kwa mbali sana kulikuwa na kitu kama mtu anayeongea ndani ya pipa, nyuma ya nyumba ya jirani.

"Ongeza sauti," nikasema.

"Nimeshaongeza, baba. Imefika mwisho."

Muziki ukapasua masikio. Shangazi hakusikika.

Tukatoa diski, nikaifuta kwa shati langu, tukairudisha. Vilevile. Binti akazima kompyuta, akawasha. Vilevile. Akafungua kale kaalama ka spika kwenye kona ya kioo, akavuta kushoto, akavuta kulia. Upande mmoja ukatoa gita, mwingine kinanda, na shangazi akasikika kidogo tu upande huu, kidogo tu upande ule, kwa sauti ya kukwaruza kama mtu mwenye baridi. Binti akasema, "Baba, ngoja nitoe vile vya masikioni, vya simu yangu, tujaribu."

Nikakataa. Nalisema wazi kwa sababu katika habari hii nataja kila mwenye kosa, na mimi nimo. Nilimwambia, neno la kuganduka lilisemwa mbele ya watu, litasikilizwa mbele ya watu. Mimi siwezi kujiziba masikio nikamsikiliza shangazi peke yangu kama mwizi wa habari za nyumba nyingine, wakati mama yenu amekaa hapa ananitazama uso. Mke wangu alisema ni kweli. Binti akavirudisha vile vya masikioni mfukoni, kwa ile adabu ya watoto wanaojua.

Kesho yake akaingia jirani yetu, mama mmoja Mkongomani wa Kivu ya Kusini anayeuza chaja na kava za simu sokoni. Alinisikia nagombana na mashine.

"Weye papa," akasema mlangoni, "unapigia iyi mashini kelele kama vile ni mbuzi yako imekula mahindi. Inakusikia?"

"Haisikii, na mimi siisikii."

"Ebu acha nione. Pengine ni carte son, ile ya kutoa sauti, imekufa."

Huyu mama hakuogopa kitu. Alibonyeza huku, akabonyeza kule. Akaweka programu nyingine ya kuchezea diski. Akaenda kwake akarudi na diski ya kwaya ya kanisa lake. Tukaiweka. Kwaya ikasikika, magita yakasikika, lakini yule dada anayeongoza mbele alikuwa anafungua mdomo kama samaki.

"Unaona?" akasema. "Na iyi yangu iko vilevile. Njo maana nasema ni mashini."

Mtu mwenye akili angeelewa hapo. Mimi nilielewa kinyume. Nilisema, basi wote ni wezi, wote wanatengeneza diski mbovu, huyu wa kwaya na yule wa Muyinga wamesoma shule moja. Mama Mkongomani akacheka, akasema, "Papa, weye hautaki kupata dawa, unatakaka kupata mutu wa kufunga." Halafu akamfundisha binti kitu cha mwisho: kule ndani ya mipangilio ya sauti kuna mahali pa kuchanganya pande mbili ziwe moja, mono. Binti akagusa. Papo hapo kila kitu kikazimika. Gita, kinanda, watu, yote. Kimya.

"Sasa mmeiua kabisa!" nikasema.

"Hatujaiua, baba, nimerudisha," na kweli akairudisha, muziki ukaja. Shangazi hakuja.

Hapo nikafunga shauri. Mtu wa video ndiye. Alimwaga muziki juu ya maneno ya mtu mzee, tena ambaye hawezi tena kuyasema, kwa sababu alitaka sherehe ipendeze. Nikaiweka diski kwenye mfuko wa nailoni, nikaufunga kwa mpira, nikatoka alfajiri. Njia nzima, toka Gitega kupitia Bugendana na Karuzi mpaka Muyinga, nilikuwa napanga matusi. Nilipanga ya kuanzia, ya katikati na ya kumalizia.

Studio yake iko karibu na soko, chumba chenye pazia jekundu na maua ya plastiki. Nilimkuta mtu mnene wa miaka arobaini hivi, aliyekulia kambini Tanzania kama mimi, nilimjua kwa Kiswahili chake. Alikuwa anawapanga maharusi watarajiwa kwa picha, kijana na mchumba wake, wamekaa wanaogopa kucheka. Sikusubiri.

"Wewe ndiye uliyemfuta shangazi yangu!"

Yule binti wa picha akashtuka, akasimama.

"Mzee wangu, shikamoo," akasema mtu wa video.

"Usinisalimie. Umemfuta. Mtu mzima kabisa, umeweka gita mahali pa maneno yake. Umechukua pesa za wafiwa ukawauzia muziki!"

"Mzee, kumfuta mtu ni kazi kubwa. Unakaa, unatafuta sauti yake, unaikata kipande kwa kipande. Mimi ni mvivu, kila mtu hapa Muyinga atakwambia. Lete hiyo diski."

Akaipokea, akaigeuza kwenye mwanga, akaitumbukiza kwenye kompyuta yake. Akasogeza mpaka kwenye hema. Nikasema, mbele kidogo, hapo, hapo anaposimama. Na kabla sijamaliza kusema, sauti ya shangazi ikajaa chumba kile. Sauti yake ile ile, nzito, ya kukemea ng'ombe. Muziki ulikuwa chini kabisa, kama mtu anayepita mbali na redio. Nikamwambia, "Simamisha. Simamisha kwanza." Yule kijana wa picha akanipa kiti chake.

Mtu wa video hakunicheka. Aliniuliza mashine yetu ilikuwaje, nikamweleza yote: muziki unapiga, mtu hasikiki, na walipoweka mono hata muziki ukafa. Aliposikia hilo la mono akapiga kofi pajani.

"Waya wa spika zenu. Kichwa chake, kile cha kuchomeka, kiliwahi kukatika?"

Kilikuwa kimekatika, na aliyekikata ni mimi. Mama alipokufa, siku ya nne tu baada ya mazishi, niliingia nyumbani nikamkuta mteja mmoja wa binti amefungulia muziki kwenye ile kompyuta, ndani ya nyumba ya msiba. Sikuuliza. Niliushika waya nikauvuta kwa nguvu zangu zote, kichwa kikabaki ndani ya mashine. Waya ulikaa hivyo mpaka watu wa Muyinga walipoganduka. Ndipo binti akaupeleka kwa fundi mmoja pale sokoni Gitega, mwenye meza na mwavuli, akauunga.

"Humo ndani mna nyuzi tatu," akasema mtu wa video, akanionyesha kwa vidole. "Wa kushoto, wa kulia, na wa kurudishia. Fundi wenu ameunga mbili, wa tatu ameuacha. Sasa wa kushoto na wa kulia hazina pa kurudi, zinapambana. Kinachofanana pande zote mbili kinafutana. Kinachotofautiana kinabaki. Muziki mimi nimeugawa, gita huku, kinanda kule, unabaki. Lakini mtu akishika mikrofoni sauti yake inakwenda sawasawa pande zote mbili. Inakufa. Na mkichanganya pande zote ziwe moja, mono, hapo kila kitu kinafanana, kila kitu kinakufa. Diski nzima, mashine nzima, fundi mbovu."

"Na vile vya masikioni?"

"Vina waya wake. Mngesikia siku ya kwanza."

Huyo fundi nilimwendea baadaye, na maneno niliyokuwa nimepanga njiani hayakuharibika, alipata ya kuanzia, ya katikati na ya kumalizia. Mtu analipwa kuunga nyuzi tatu, anaunga mbili, anafunga na gundi nyeusi ili usione. Alinijibu, "Si ilikuwa inatoa sauti?" Ndivyo wanavyokujibu. Kikitoa sauti yoyote, kazi imekwisha.

Lakini pale studio nilikuwa sijasikia bado. Mtu wa video akauliza kama watu watoke. Nikasema wakae. Yule kijana na mchumba wake wakasimama ukutani, mkono wa huyu kwenye mkono wa yule, na diski ikaendelea. Shangazi aliongea Kirundi, mimi naandika hapa kwa Kiswahili nilivyosikia.

"Mtoto wa kaka yangu hakuja kumwondolea mama yake msiba. Nimekasirika. Nimekasirika sana." Hapo shemeji na koti lake akanyoosha mkono kuchukua mikrofoni. "Acha! Usininyang'anye, sijamaliza. Hasira hii ni yangu mimi. Mimi ndiye niliyembeba kabla hajajua kukimbia. Akija, nitamkasirikia uso kwa uso, na tutamaliza mimi na yeye. Lakini nyinyi mnaokula hapa, asiwepo wa kumsema. Atakayemsema, amenisema mimi."

Akakaa. Watu wakapiga makofi kidogo. Mtu wa video akasimamisha picha, na kwenye picha iliyosimama shemeji alikuwa anatazama viatu vyake.

Hicho ndicho binamu yangu wa Itaba hakukishika kwa sababu ya nyama. Alibeba nusu ya kwanza, akaivusha mikoa, akaifikisha kwangu bado ya moto, ile nusu ya pili akaiacha chini ya kiti. Na hakuwa peke yake. Hema lilijaa watu, wote walikatazwa kwa mikrofoni wasinitaje, na wengi wao walianza kunitaja kabla hawajafika nyumbani kwao. Waya una udhuru wake, uliungwa vibaya. Wao hawana. Na dada yangu naye, aliyenificha neno zuri eti desturi. Desturi inakataza kufufua ugomvi. Huu haukuwa ugomvi.

Nikamwomba radhi mtu wa video, mbele ya wale wale nilioanza kumtukana mbele yao. Akasema, "Mzee, kwa shangazi kama huyo na mimi ningetukana." Akaniwekea diski mfukoni.

Shangazi anauguzwa kwa dada yangu tangu aanguke. Nilifika mchana. Shemeji alikuwa kizingitini, anahesabu mifuko ya sementi kwa kidole.

"Karibu, shemeji! Mbona hukutupigia kwamba unakuja?"

"Nilitangaza kwenye grupu," nikasema, nikapita.

Alinifuata akieleza habari ya hema. Sikumjibu. Siku moja nitamjibu, na nitachagua siku ambayo ana wageni.

Shangazi alikuwa amelala chumba cha nyuma, amepungua, kitambaa cha kichwani kimekuwa kikubwa kwake. Aliponiona macho yakawaka, halafu akageuza uso ukutani. Dada akaninong'oneza, "Amechoka, kaka, toka kwanza." Nikasema sitoki. Nikavuta kigoda nikakaa. Dada alileta uji, nikauchukua nimnyweshe mimi, shangazi akafunga mdomo. Dada akauchukua, shangazi akafungua. Nikakaa. Jua likahama toka kwenye miguu ya kitanda mpaka mlangoni.

Ndipo nikamwambia, "Shangazi, nimesikia ulichosema. Nimesikia chote, mpaka mwisho. Ulisema hasira ni yako na utanipa uso kwa uso. Nimeuleta uso."

Hakugeuka mara moja. Baadaye akageuka, mdomo ukatafuta neno, ukatoa pumzi. Nikaona machozi ya kukasirika yanakuja, kwa sababu alikuwa na la kusema na hana cha kulisemea. Nikasogeza kigoda, nikainama karibu naye kabisa. Mkono wake wa kushoto, ule ulio hai, ukapanda polepole kwenye shavu langu, ukapita, ukalishika sikio langu, ukalisokota. Kwa nguvu. Kama la mtoto aliyeacha mbuzi wakaingia kwenye ulezi wa watu. Mimi nina mvi, dada amesimama na kibakuli, shemeji yuko mlangoni na mdomo wazi. Niliguna kwa maumivu, lakini sikutoa kichwa. Nguvu zikamwishia, akaachia, akapumua, akalishika tena.